Madai ya Wazo la Chaki

Mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha
8 Aprili 2025

Kwa Ndugu Mwashi Ndaki,
Mhudumu wa Afya ya Jamii,
Msimbu, Kisarawe.

YAH: MADAI YA UMILIKI WA WAZO LA KUCHORA KWA CHAKI

Ninakuandikia kwa sababu moja: kukutaka ukiri kwa maandishi kwamba wazo la kuwaelimisha watu kuhusu selimundu kwa michoro ya chaki ardhini ni langu, na kwamba ulilichukua bila idhini yangu.

Nimechagua karatasi badala ya simu kwa makusudi, kwa kuwa maneno ya simu hukanwa. Aidha, huenda barua hii ikasomwa na mtu asiyetufahamu, hivyo naeleza mambo tangu mwanzo, ingawa wewe unayajua. Mimi ni mhitimu wa Shahada ya Sanaa. Wewe uliishia kidato cha nne. Sisemi hivyo kwa dharau bali kwa usahihi wa kumbukumbu. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, baada ya baba yako, mzee Ndaki, kuhamia kwetu Msimbu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga.

Mwezi Januari nilianza kuchora kwenye njia ya waenda kwa miguu, hapa karibu na kituo cha mabasi. Mada yangu ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambapo seli nyekundu za damu, zinazopaswa kuwa za mviringo, hujikunja mfano wa mundu, zikakwama mishipani na kumtesa mtoto kwa maumivu ya mifupa. Niliifanyia tasnifu chuoni. Lengo langu ni kwamba mpita njia auone mchoro, asome maelezo, kisha aende kupima damu, hasa kabla ya kuoa au kuolewa.

Tarehe 22 Februari ulipita Kibaha ukasimama mbele ya mchoro wangu karibu saa nzima. Nilidhani unastaajabu. Kumbe ulikuwa unanakili. Mwezi mmoja baadaye ikasambaa picha ya baraza la zahanati yenu: sakafu nzima imejaa miviringo na mundu, na juu yake ameketi mama yangu mzazi, Bi Hamisa. Siku hiyo nilitumiwa picha hiyo na watu kumi na mmoja. Mmoja wao ni Rukaya, mchumba wangu, ambaye chini yake aliandika, "Umeiona hii? Hii imenigusa." Michoro yangu amekwisha kuiona mara nyingi, na neno hilo hajawahi kulitamka.

Lililo zito ni hili. Shirika la Tone Moja, lenye ofisi hapa Kibaha, litachagua mchoraji mmoja atakayechora uwanjani Siku ya Selimundu Duniani, tarehe 19 Juni, na ambaye ataajiriwa kwa mwaka mmoja kuratibu uhamasishaji kwa njia ya sanaa. Niliomba nafasi hiyo kwa andiko la kurasa kumi na nne. Wiki iliyopita nilidokezwa kwamba jina linalotajwa vikaoni ni lako, nawe hukuomba kabisa.

Kwa hiyo nakutaka ukiri mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, utie saini, na unirudishie majibu kwa mkono wa Sista Elinipa, muuguzi wenu, ambaye kila Jumatano huleta sampuli za damu maabara huku Kibaha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Badru Mwinyimadi
Shahada ya Sanaa


Msimbu
15 Aprili 2025

Mtani wangu Badru,

Barua yako imefika ikiwa imenyooshwa kama shati la afisa tarafa. Sista Elinipa alinikabidhi nikiwa nimepiga magoti na chaki mkononi, na akina mama wapatao thelathini wako kwenye foleni ya kliniki. Walipoona ile YAH wakataka kujua serikali imesemaje. Nikawasomea yote, bila kuruka hata shahada yako.

Uliomba mashahidi wawili, mimi nimekutafutia thelathini na mama yako juu. Nilisimama nikakiri: "Mimi Mwashi binti Ndaki, Msukuma, mwizi tangu tumboni, nimemwibia Mzaramo wazo lake alipokuwa amelala, na huyu Mzaramo hulala mpaka saa nne." Mama mmoja akauliza faini. Nikasema nitamlipa ng'ombe, lakini aje kumswaga mwenyewe, na sote tunajua kwamba Badru alikuwa akikimbia hata ndama. Bi Hamisa alicheka mpaka akajishika ubavu. Akasema, "Huyo ni mwanangu kabisa, hata utani anauandikia tarehe."

Nimefurahi, sikufichi. Tangu uende chuo ulikuwa ukinisalimia kama mgeni wa semina. Babu zako na babu zangu walituachia haki ya kutukanana bila kununa, nikadhani umeitupa huko mjini. Kumbe unayo, na umeifungia kwenye bahasha.

Sasa nikuambie la kweli. Saa ile nzima niliyosimama pale Kwa Mathias sikuwa nautazama mchoro wako. Mchoro ulikuwa mzuri, wangu hautafikia hapo hata nikizeeka. Nilikuwa natazama miguu. Watu waliuzunguka kama wanavyozunguka sakafu iliyotoka kudekiwa. Ulikuwa umemalizika, hapakuwa na mahali pa mtu mwingine kuingia.

Mimi najua kuchora vitumbua na mundu tu, basi nachora vichache naacha nafasi. Kila mama nampa kipande cha chaki, vile vinavyobaki ubaoni shuleni. Namwambia achore nyumba yake: kitumbua kwa kila aliye mzima, mundu kwa anayelia mifupa, anayevimba vidole, au aliyekwenda kwa hayo. Rangi nyekundu hatuna, tunatumia udongo. Sista Elinipa akipita anaona nyumba zenye mundu, anawaita pembeni, anawachukua damu. Wanaume nao wameanza kuja, wanasema wamesikia nyumba zao zimechorwa.

Mama yako hukaa pale kila siku ya kliniki, ingawa hana mtoto wa kupima uzito. Hilo muulize mwenyewe.

Kazi ya shirika siijui, hakuna aliyeniambia.

Ni mimi mtani wako, mwizi,

Mwashi


Kibaha
22 Aprili 2025

Ndugu Mwashi Ndaki,

Ninaandika kuondoa shaka yoyote uliyonayo: sikuwa natania. Hakuna sentensi hata moja katika barua yangu ya tarehe 8 iliyokusudiwa kuchekesha. Umeisoma hati rasmi hadharani, umewachekesha watu kwa jina langu, na umemfanya mama yangu mzazi acheke pamoja nao.

Unasema michoro yangu inazungukwa. Hujui ninavyofanya kazi. Masika haya nimeuchora upya mchoro mzima mara tano, kwa chaki za rangi nilizofuata Kariakoo, na kila mara mvua inaufuta kabla ya adhuhuri. Wapiga debe wanaukanyaga wakikimbilia mabasi. Muuza machungwa ameweka ndoo yake juu ya maelezo ya vinasaba, na nilipomwomba aisogeze akaniuliza, "Kwani braza hili eneo umelipia?" Juzi kijana mmoja alichuchumaa, nikafurahi kwamba hatimaye mtu anasoma. Akaniuliza vitumbua vinaanza kuuzwa saa ngapi. Nimesoma miaka mitatu, Mwashi. Seli nyekundu si kitumbua.

Watu wangapi wamekupiga picha? Nauliza kwa ajili ya takwimu. Mimi tangu Januari nimepigwa na saba, na wawili kati yao walikuwa wanapiga basi lililokuwa nyuma yangu.

Kuhusu mama, nasema waziwazi: umemweka ndani ya mchoro kama pambo, kwa kuwa unajua sura ya mama mtu mzima aliyejitanda kanga inawagusa watazamaji. Mchoro wangu mimi hajawahi hata kuja kuuona. Kila ninapomwalika anasema miguu inamuuma, lakini kwenye baraza lako haimuumi.

Nakuarifu kwamba leo nimewasilisha malalamiko katika Shirika la Tone Moja, yakiambatana na picha zenye tarehe. Nakala nimeipeleka ofisi inayohusika na majengo ya umma huko wilayani, kwa kuwa zahanati si ubao wa mtu binafsi, na sina taarifa kwamba mlipewa kibali.

Usidhani haya yanatokana na wivu. Mtu wa kiwango changu hana sababu ya kumwonea wivu anayechora kwa udongo.

Badru Mwinyimadi
Shahada ya Sanaa


Msimbu
6 Mei 2025

Kwa Ndugu Badru Mwinyimadi,

Alikuja bwana mmoja kutoka wilayani na nakala ya barua yako. Aliuliza kibali. Sista Elinipa hakuwa nacho, alikuwa hajui kwamba kuchora kwa chaki kunahitaji kibali. Tukaamriwa kusafisha sakafu siku hiyohiyo.

Nilisafisha mwenyewe kwa ndoo na brashi. Ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama waliniuliza kwa nini, nikawajibu kwamba mchoro una mwenyewe. Wiki iliyofuata walikuja wachache, na waliokuja walipima watoto uzito wakaondoka.

Bi Hamisa alikuwa kwenye benchi nilipokuwa nasugua. Aliniomba nisisugue kona moja. Nilimwambia amri inasema sakafu yote, nikasugua.

Shirika limeniandikia pia. Nimewajibu kwamba kazi siitaki, wampe mwenye wazo. Ungamo uliloliomba nimelikunja ndani ya bahasha hii, lina saini yangu na za mashahidi wawili. Safari hii hakuna aliyecheka.

Sitakuita mtani tena. Mtani akikasirika hanuni zaidi ya mlangoni. Wewe umekasirika mpaka ofisini.

Mwashi Ndaki


Kibaha
20 Mei 2025

Ndugu Mwashi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Ninaandika kukuarifu kwamba Shirika la Tone Moja limeniteua kuchora tarehe 19 Juni. Nakushukuru kwa ungamo lako, lililosaidia kuharakisha uamuzi.

Ajira ya mwaka mmoja, hata hivyo, imewekewa sharti. Shirika halitazami uzuri wa mchoro. Linatazama idadi ya watu wanaokwenda kupima kutokana nao. Walinipa wiki moja ya majaribio. Katika wiki hiyo wamepima watu wawili. Mmoja ni muuza machungwa, ambaye nadhani alikuwa anakwepa jua. Wa pili ni Rukaya, naye alikwenda kwa sababu nilimsihi. Mratibu wa shirika, mama mmoja mpole aitwaye Laurensia, alinifunulia daftari la zahanati yenu: Msimbu walipima watu sitini na watatu ndani ya mwezi mmoja. Aliweka kidole kwenye jumla, kisha akalifunga. Ningependelea anigombeze.

Nikaijaribu mbinu yako. Nilichora nusu, nikaacha nafasi, nikawagawia wapita njia chaki. Mmoja akachora nembo ya timu yake ya mpira, wa pili akaandika namba ya simu ya fundi bomba. Naomba basi, kwa misingi ya kitaalamu, unieleze ni nini unachowaambia watu kabla ya kuwapa chaki. Nakiri kwamba usiku naiangalia ile picha ya baraza lako, naikuza, nakagua mstari kwa mstari, na sioni kilichopo pale ambacho mimi sina. Mistari yako imepinda. Miviringo mingine haikufungwa. Ila kila aliyemo anaonekana kana kwamba ameitwa kwa jina.

Jambo la mwisho halihusu kazi. Mama hapokei simu zangu tangu mwanzoni mwa mwezi. Kile kilichokuwa kwenye kona kilikuwa nini, mpaka akuombe wewe usikifute, na mimi mwanawe nisijue?

Badru Mwinyimadi


Msimbu
27 Mei 2025

Mwanangu Badru,

Ni mimi mama yako. Nasema, Sista Elinipa anaandika, na nimemwambia asininyooshee maneno. Barua yako Mwashi kaisoma kisha kanipa. Kasema hili si la kujibu yeye.

Sikukaa pale kupigwa picha. Hata aliyepiga sikumwona. Siku ile nilikwenda zahanati kufuata dawa ya mgongo, nikaona wenzangu wameinama wanachora. Mwashi akanipa chaki, akaniambia, "Bi mkubwa, chora nyumba yako." Nikachora kitumbua cha baba yako, Mungu amrehemu, na changu, na chako. Mkono ukasimama. Akaniuliza, "Wameisha?" Nikamwambia hapana. Nikachora mundu. Basi nikakaa chini palepale.

Ule mundu ni dada yako Kudra. Wewe tulikuambia alikufa kwa homa, ulikuwa bado unanyonya. Alikuwa na miaka sita. Vidole vilikuwa vinamvimba, macho ya manjano, usiku analia miguu mpaka anaishiwa sauti. Tulimzungusha kwa waganga wote, tukaambiwa ni mambo ya ukoo wa baba yako. Baba yako na mimi tukalaumiana mpaka anakufa hatujamaliza. Miaka ishirini na tatu sijamtaja mtoto yule mbele ya watu. Kwenye sakafu ile nilimweka mahali pake na wenziwe, na hakuna aliyeniuliza nilimfanya nini.

Kila kliniki nilikuwa nakwenda kukaa naye. Ndiyo hiyo kona.

Unauliza kwa nini sikukuambia wewe. Ulipokuja likizo na kitabu chako cha selimundu, ulinieleza ugonjwa kutwa nzima, na kila nilipofungua mdomo ulisema, "Subiri mama, nimalizie." Nikasubiri. Mwashi hakunieleza kitu. Aliuliza nyumba yangu ina nani.

Sista amenipima. Ninaibeba hiyo damu, na baba yako naye lazima alikuwa anaibeba. Anasema na wewe huenda unaibeba, na wewe unataka kuoa. Unawaambia watu barabarani wapime. Wewe umepima?

La pili. Umemnunia mtani, ukampeleka wilayani. Kwetu hilo lina faini, na mimi ndiye niliyebaki wa kuikata. Sitaki kuku. Utakuja upige magoti kwenye sakafu hiyo, na atakayekwambia uchore nini ni Mwashi.

Mama yako,

Hamisa


Kibaha
3 Juni 2025

Mwashi,

Ninaandika kukuomba radhi, na kukuomba uniruhusu kulipa faini niliyokatiwa na mama.

Barua yake niliisoma kituoni, nimesimama juu ya mchoro wangu, na kwa mara ya kwanza ni mimi niliyeukanyaga. Hapana, sijapima. Kwa miezi mitano nimewahimiza watu wasionijua wanyooshe mikono, na wa kwangu sijawahi kuunyoosha. Rukaya aliniuliza jambo hilohilo siku aliyotoka maabara. Nilimjibu kwa takwimu.

Niliyoweza kuyarekebisha kwa karatasi nimeyarekebisha. Malalamiko nimeyaondoa. Jana nilikwenda wilayani nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na kibali cha kuchora kwenye baraza la zahanati, chenye muhuri, kimo ndani ya bahasha hii kwa jina la Sista Elinipa. Ungamo lako nimelichana. Bi Laurensia nimemwambia kwamba wazo la kuchora ardhini lilikuwa langu, na kwamba wazo hilo peke yake lilimpeleka muuza machungwa kwenye kivuli. La kuwapa watu chaki na kuwauliza nyumba zao zina nani ni lako, na ndilo lililowapeleka watu sitini na watatu kupima. Nimemwomba ajira akupe wewe. Amesema atakuja Msimbu kukusikia mwenyewe. Tafadhali usimkatalie kwa ajili yangu.

Usinidhanie mwema kuliko nilivyo. Niliyaandika hayo kwake mara nne kabla ya kuyapeleka, na mara tatu za kwanza niliacha mlango mdogo wa mimi kupita. Niliposema si wivu nilisema uongo. Nilikuonea wivu kwa picha, kwa Rukaya, kwa jina lako kutajwa mahali ambapo langu lilikuwa limeandikwa vizuri zaidi. Hayo nadhani yatapungua. Linalonichoma bado ni kwamba dada yangu ulimjua kabla yangu. Mama alikuwa naye kinywani miaka yote, akaja kumtua kwenye sakafu yako. Sijui wivu wa namna hiyo mtu huuweka wapi, na sikuombi unisaidie kuubeba. Nakuomba tu unionyeshe kona ilikuwa ipi.

Chaki zangu zote nitakuja nazo, zikiwemo nyekundu. Mama nimempigia leo, akapokea. Alisema nisivae shati jeupe.

Nitafika Jumanne ijayo, tarehe 10 Juni, saa moja kamili asubuhi, kabla foleni ya kliniki haijaanza. Sista Elinipa nimemwomba anichukue damu kwanza. Kisha nitapiga magoti pale utakaponiambia.

Badru